Faili la Bwana Kiti

Kliniki, 9 Februari

Kaka yangu,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Huku hatujambo, ila miguu inaniuma, tena inaniuma kwa raha.

Lawama ni hii. Barua yako ya mwisho niliipata kabla ya mwaka mpya. Na desturi hii uliianzisha wewe, siku nilipoingia kazi ya ushauri nasaha nikiwa sijui hata niweke wapi mikono mgonjwa akilia. Ulisema kesi ngumu haijadiliwi kwenye simu, maana simu huazimwa na watoto huichezea. Huandikwa kwa mkono, mgonjwa anapewa jina la utani, na anayesoma haulizi ni nani. Sharti hilo nimelishika kama amana. Sasa mwenye sharti ndiye amenyamaza.

Habari ya huku ni kwamba tumeamshwa. Mkuu wetu wa kliniki alituita sote, akatutazama kwa zamu kama mtu anayechagua nyanya, akasema, "Nyinyi mnatibu vichwa. Nani aliwaambia kichwa kinatembea peke yake?" Kumbe alikuwa akituchungulia dirishani. Asubuhi tunafika, tunakaa. Mgonjwa anaingia, tunakaa naye. Mchana tunakaa tule, jioni tunakaa kwenye gari. Halafu katikati ya kukaa huko tunamwambia mtu mwenye sonona, "Jitahidi ufanye mazoezi." Daktari wetu wa vidonge alitaka kucheka, kikamtoka kikohozi, na bado hajamaliza kukohoa.

Basi agizo ni kwamba mshauri atikise mwili wake kwanza, ndipo amwambie mteja. Mimi nimekwenda mbele zaidi, vikao vingine navifanya tukitembea kuzunguka ukuta wa hospitali. Nina mteja mmoja, tumwite Bibi Mkoba, kwa sababu hukaa amepakata mkoba wake kama ngao. Miezi yote ananijibu "ndiyo" na "hapana". Siku tuliyotoka nje, tulipofika kona ya jikoni, akaanza kusema mwenyewe, na hakunyamaza hadi tuliporudi mlangoni. Kuna watu hawawezi kusema wakikodolewa macho, Kaka. Ukiwa ubavuni kwake, nyote mnatazama mbele, maneno yanapata njia. Simwambii aache vidonge vyake, la hasha. Ila sasa analala.

Na wewe je? Wewe uliyekimbia nyuma ya baiskeli yangu umeishika, ukaiachia bila kuniambia, nikafika mwisho wa barabara nikidhani bado uko nyuma! Usiniambie tabibu wa wodi nzima ya afya ya akili naye amekuwa mtu wa kukaa.

Nisalimie wifi na watoto.

Mdogo wako,
mwenye raba mpya


Nyumbani, 23 Februari

Mama Raba,

Nimecheka mpaka wifi yako akaja kuangalia kuna nini. Huyo mkuu wenu angekuja wodini kwetu tungemficha ufunguo. Muuguzi wetu Tingatinga, unamkumbuka, yule wa miraba minne, yeye ngazi za wodini anazipanda kwa awamu, na katikati anasimama kujifanya anasoma matangazo. Mganga hajigangi, mdogo wangu. Mimi pia siku hizi si wa kupigiwa mfano, kazi imebana.

Umenidai kesi, nakupa. Tumwite Bwana Kiti.

Ni mwanamume wa umri wangu, mwalimu. Mke mzuri, watoto wanaomheshimu. Ana kiti kimoja pale sebuleni kwake, kile cha karibu na dirisha. Akiamka hukaa hapo, na jioni yuko hapo. Si kwamba analia. Ingekuwa analia, ningejua pa kuanzia. Chai inapoa mbele yake, gazeti anashika ukurasa mmoja kutwa nzima. Mwaka jana alikuwa na mwanafunzi aliyekuwa katika hali mbaya. Bwana Kiti alimwangalia, akaona ametengemaa, akamruhusu aende kwao Ijumaa. Jumatatu ikaja habari ya msiba. Watu wote wamemwambia si kosa lake. Anawajibu, "Najua." Ukimsikia anavyolisema hilo "najua", utatamani asingelisema.

Nimemwandikia mazoezi, kwani mimi mjinga? Tatizo ni kwamba faida zake anazijua kuliko mimi. Nilipoanza kumweleza usingizi, damu, moyo, akamalizia sentensi zangu. Halafu akaniuliza, "Na wewe unayeniambia nitembee, mara ya mwisho ulitembea lini?" Nikajifanya natafuta kalamu.

Ungemfanyia nini?

Kaka yako


Kliniki, 5 Machi

Kaka,

Huyo Bwana Kiti nampenda bure. Amekukamata!

Jibu langu ni rahisi na litakuudhi. Usimwambie atembee. Toka naye. Mtu mwenye sonona ukimwambia "fanya mazoezi" umemwongezea kitu kingine cha kushindwa, na cha kushindwa anavyo tele. Lakini ukivaa viatu mbele yake ukasema, "Mimi natoka, twende," hapo umembebea nusu ya mzigo. Na kidogo, Kaka. Usianze na kilima. Mfikishe getini, kesho kwenye kona. Mwili ukishaanza, kichwa hufuata kikinung'unika.

Na habari ya yule mwanafunzi msiitafute. Itakuja yenyewe njiani, ukiwa ubavuni.

Kisha swali lake ni zuri, usilikwepe. Mwambie ukweli kwamba na wewe umekuwa mtu wa kukaa. Wateja wangu walianza kuniamini siku waliponiona natweta. Mmoja alinipa kitambaa nijifute jasho, tangu hapo tumekuwa marafiki.

Huku mambo yamepamba moto. Hata daktari wa kikohozi anatembea nasi, na Mkuu anasema nitaitwa kliniki nyingine niwafundishe washauri wenzangu. Mimi! Uliyekuwa ukinipangusa kamasi!

Niandikie mlivyotoka.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Machi

Mdogo wangu,

Tulitoka. Tulifika getini.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana uliomba. Viatu vilichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Bwana Kiti alikaa amekiinamia kiatu, kamba mkononi, na nikaona kwamba ile kazi ya kufunga kamba imekuwa kubwa kuliko yeye. Hatimaye tukafika getini. Jirani alikuwa anafagia nje kwake, akasema kwa furaha, "Karibu duniani! Umepona?" Neno jema tu, la ujirani. Bwana Kiti akasema amesahau kitu ndani, akarudi. Hakutoka tena siku ile, na zilizofuata nikimwita anasema kesho.

Ameniambia jambo moja linanikera. Anasema amechoka kuwa mzigo kwa watu waliozoea kubebwa na yeye. Anasema nyumba ingekuwa nyepesi bila yeye. Nimemwuliza ana maana gani, akasema ni maneno ya kuzungumza tu.

Mimi mwenyewe nimechoka naye, nakwambia kweli. Nikimtazama nachoka. Wewe una mafanikio mengi huko, labda unaona nisichokiona. Niambie, mtu kama huyu unaendelea kumshika mpaka lini?

Kaka yako


Kliniki, 29 Machi

Kaka,

Nakuandikia nimesimama, gari linanisubiri. Leo ndiyo siku ya kuwafundisha wenzangu, ukumbi mzima wa washauri na wauguzi.

Kwa kifupi. Umefanya yako yote. Kama hataki, hataki. Mtu mzima habembelezwi kama mtoto, ukimbembeleza sana unamfundisha kukaa. Mpe nafasi moja ya mwisho na umwambie waziwazi kwamba akikosa tena unafunga faili, nafasi apewe mwenye nia. Wengine huamka wakisikia hivyo. Asipoamka, funga kweli. Kuna watu wanaotaka kupona wamepanga foleni nje, na wewe una roho moja tu, usiichoshe kwa mtu mmoja.

Yale maneno ya mzigo sijayapenda, mwulize tena vizuri. Nitaandika kwa kirefu nikirudi.

Niombee dua ulimi usinikauke!

Mdogo wako


Nyumbani, 6 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefuata ushauri wako. Faili la Bwana Kiti nimelifunga.

Hakulalamika. Alisema ni haki, kwamba amekalia nafasi ya mtu mwingine na muda umefika aondoke. Nilitegemea angekasirika. Alikuwa mtulivu kuliko siku zote, mpaka nikamwonea wivu.

Ile baiskeli yako ya utotoni bado iko stoo kwangu. Nimeipaka mafuta. Nimemwambia wifi yako kwamba ni yako, ukija uichukue.

Nimesikia somo lako lilikwenda vizuri. Umenipita, na hilo linanipa raha ambayo sijaipata muda mrefu. Ulikuwa mwanafunzi mzuri sana.

Kuhusu kesi hii usinijibu. Imekwisha.

Kaka yako


Nyumbani, 8 Aprili

Wifi yangu kipenzi,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia, na ya kaka yako unajua huizima. Nampa barua hii dereva wa basi la alfajiri pamoja na ile ya kaka yako aliyoiacha mezani juzi, zije pamoja.

Nina furaha, wifi, na nimeona wa kwanza kuijua uwe wewe, maana ni kazi ya mikono yako. Kaka yako anatembea!

Tangu apewe likizo ya ugonjwa mwezi wa Desemba, baada ya yule mgonjwa aliyemruhusu wodini kufariki nyumbani kwao, sijamwona akivuka geti. Ni kiti na dirisha, dirisha na kiti. Alinikataza nisikwambie kwa simu, alisema atakueleza mwenyewe kwa barua. Nami nilipoona barua zako zinaingia na anazisoma hata mara tatu, nikasema Mungu mkubwa, dada mtu anamtibu. Nikatulia. Kuna siku moja mwezi uliopita nilimsikia anajisemea akivaa viatu, "Mimi natoka, twende." Akafika getini, jirani akamsalimia, akarudi. Niliingia jikoni nikalia.

Lakini sasa! Tangu juzi, saa za alasiri anavaa raba zake mwenyewe, anatoka. Anakwenda hadi darajani, anarudi. Jirani anasema humwona amesimama pale katikati kwa muda anapunga hewa. Uso umekunjuka. Hata wivu wa vitu vyake umemwisha. Saa yake ya mkononi, ile asiyotaka iguswe, amempa binti yetu. Amenieleza pia karatasi za nyumba ziko wapi, jambo nililokuwa namwomba miaka. Anaongea na watoto kwa upole mpaka wananiuliza baba ana nini.

Sijui ulimwandikia nini, wifi, lakini ahsante.

Wifi yako


Kituo cha mabasi, 10 Aprili

Kaka,

Barua mbili zimenifikia pamoja mchana huu, yako na ya wifi. Ya wifi imejaa furaha. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini palepale sakafuni.

Simu yako imezimwa. Nimepiga wodini, akapokea Tingatinga. Nilimwambia maneno machache tu, daraja, saa, karatasi za nyumba. Hakuniuliza hata moja. Hakukata hata simu, niliisikia ikigonga meza na viatu vyake vikienda. Basi la kwanza limejaa, dereva amekubali kubeba barua hii. Mimi napanda linalofuata. Naandika kwa sababu nikifika utanichekesha kama kawaida yako, nami nitashindwa kusema. Na kama hutaki kunitazama, utasoma.

Navunja sharti. Bwana Kiti ni nani?

Barua zako zote za zamani ziliandikwa juu "Wodini". Za mwaka huu zote ni "Nyumbani", na mimi, mtaalamu, mwalimu wa ukumbi mzima, sikuona. Mwalimu gani anamruhusu mwanafunzi wake kwenda nyumbani Ijumaa kwa sababu ametengemaa? Kila mstari ulikuwa unaniita. Mimi nilikuwa nasikiliza makofi ya watu.

Nakuuliza wazi, Kaka, unataka kufa? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kumwuliza mtu swali hilo hakumuui, kulikwepa ndiko kunakoua. Mwaka wangu wa kwanza, nilipokuja mafunzoni wodini kwenu, wewe ulinirudisha chumbani nikamwulize mgonjwa upya, kwa sababu nilikuwa nimezungukazunguka. Basi mimi nakuuliza bila kuzunguka.

Niliandika "funga faili". Niliandika mguu mmoja uko kwenye gari. Sikujua ni nani ninayemfungia mlango, lakini hata angekuwa mwalimu kweli, angekuwa kaka wa mtu. Nayafuta maneno yale. Kama umefika darajani kabla ya barua hii

Dereva anapiga honi. Kaka, nisubiri. Kaa kwenye kiti chako, kaa hata mwaka mzima, usitembee, sitaki utembee. Nisubiri tu.

Mdogo wako


Kliniki, 6 Mei

Kaka,

Nilifika salama, ila kuandika nimechelewa. Wiki zile nilizokaa kwenu nilikuwa naona kama nimelala kwenye ukingo wa kitanda. Sasa niko kwangu na bado nalala kwenye ukingo.

Nafurahi umekubali daktari yule aliye mbali na wodi yenu, asiyekujua. Nafurahi vidonge umevianza na wifi ndiye anayevishika. Usiviache ukijisikia nafuu. Najua unajua. Nakwambia hivyohivyo.

Mkuu wangu nilimweleza, bila jina. Nikamwambia sitafundisha tena habari za kutembea. Akaniangalia, akasema, "Utafundisha. Utaongeza ulichojifunza." Kwa hiyo wiki iliyopita nilisimama mbele ya ukumbi mwingine, nikaanza kwa kuwaambia washauri wote wamtazame aliyekaa kushoto kwao wamwulize hali yake, na wasikubali jibu la "salama tu". Ukumbi ulicheka. Kisha nyuma kule mama mmoja muuguzi akaanza kulia. Tulitoka nje sote tukatembea naye. Raba zangu bado nazivaa. Ila sasa nawaambia wazi kwamba mtu anaweza kutembea akielekea uzima, na anaweza kutembea akielekea kwingine, na macho ya mbali hayatofautishi. Lazima uwe ubavuni, na lazima uulize.

Kuna jambo sikuthubutu kukuuliza nikiwa huko. Niliposhuka basi jioni ile nikakimbilia kwenu, niliwaona wewe na Tingatinga mnakuja barabarani mmeshikana. Lakini aliyeegemea alikuwa yeye. Wewe ndiye uliyekuwa umembeba. Nimelifikiria hilo kila siku na silielewi. Wifi hajui, na Tingatinga nikimpigia anajikohoza.

Usipotaka kusema, usiseme. Lakini andika.

Mdogo wako


Wodini, 15 Juni

Mama Raba,

Angalia juu, pameandikwa nini. Narudi nusu siku tu kwanza, na daktari wangu ananifuatilia kama polisi. Siku mbaya zipo. Jana ilikuwa mbaya, na kiti kile kiliniita kwa jina. Nakwambia ili usije ukadhani huku ni sherehe.

Umeuliza habari ya daraja. Nitakwambia mara moja na hatutairudia.

Nilikuwa nimefika pale nikiwa nimemaliza kila kitu. Sikuwa na huzuni, hilo ndilo watu hawalielewi. Nilikuwa mtu aliyefunga faili. Ndipo nikasikia kishindo nyuma yangu na jina langu likiitwa nusunusu, kwa sababu mwitaji hakuwa na pumzi ya kulimaliza. Nikageuka. Tingatinga, mdogo wangu! Amevaa sare ya wodi, shati limetoka, kiatu kimoja hakipo. Amekimbia kutoka hospitali, mtu ambaye hajakimbia tangu shule. Alinyoosha mkono kunishika, hakunifikia. Akapiga magoti, uso umekuwa rangi ya majivu, mkono kifuani.

Na mimi nikaacha nilichokuwa nafanya. Sikuamua, nataka uelewe hilo. Mikono ilikwenda yenyewe. Nilimkalisha, nikamlegeza kola, nikamshika mapigo, nikamwambia apumue pamoja nami, polepole, ndani, nje. Nikawa nambembeleza kama mtoto. Yeye ananishika shati haniachii, na kila akipata pumzi kidogo anaitumia kusema, "Usi... usi..." Hakufika kwenye neno la pili. Tulikaa pale chini mpaka rangi ikamrudia usoni. Ndipo akaniuliza lile swali, sawasawa kama nilivyomfundisha, neno kwa neno. Nikajibu ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo wangu na si wa Bwana Kiti. Akasema, "Basi nibebe tukaseme nyumbani, mimi siwezi kutembea." Nikambeba.

Moyo wake umepimwa, mzima, ila ameambiwa akiendelea kukaa hivyo hautakuwa mzima. Kwa hiyo sasa kila alasiri tunatembea, yeye na mimi, kuzunguka bustani ya wodi. Ananung'unika njia nzima. Wagonjwa walianza kwa kutuchungulia dirishani na kucheka. Sikuwaambia watoke, na neno "mazoezi" sijalitamka. Wiki hii mmoja alitoka na ndala za bafuni akatufuata nyuma. Juzi walikuwa kundi. Kuna mzee ambaye hajasema na mtu tangu aletwe. Alikuja ubavuni kwangu, tukazunguka, tukazunguka, halafu akaniuliza kama na mimi niliwahi kuugua. Nikamwambia ndiyo, bado naugua, natibiwa. Akatembea kidogo, akasema, "Ahaa." Kisha akaanza kunieleza ya kwake.

Yule kijana wa Ijumaa namfikiria bado. Sijalipata jibu lake. Namfikiria nikitembea, kwa sababu nikimfikiria nimekaa ananimaliza.

Sasa sharti jipya, na hili naliweka mimi kama mkubwa wako. Kesi za wagonjwa tuendelee na majina ya utani. Lakini mwisho wa kila barua, kila mmoja wetu aandike hali yake mwenyewe, kwa jina lake la nyumbani. Na ukiona barua yangu imechelewa, usinipe nafasi. Usingoje posta. Mimi ni mtu mzima, mdogo wangu, na nabembelezwa. Njoo unibembeleze.

Baiskeli umeisahau. Nimeipanda leo.

Kaka yako